MASHAURI KWA JAMAA: Ombi la kukaa Kanada hupelekwa wapi?



Katika miji yetu ya mashariki, jamaa nyingi zimegawanyika. Baba yuko Montréal au Winnipeg. Mama na watoto wako Bukavu au Uvira, ama wamekimbilia Bujumbura na Kampala. Kila juma huulizana kwa simu neno lile lile: karatasi za kuomba ukaaji wa kudumu zipelekwe wapi? Mmoja asema: «Kwenye ubalozi.» Mwingine asema: «Kwa bwana fulani mjini, yeye anajua njia.» Neno hili si dogo, kwa kuwa ombi lililopelekwa pasipo pake ni sawa na ombi lisiloandikwa. Basi leo tulieleze polepole.

Tuanze na ubalozi. Ombi la mume, mke au mtoto halipokelewi mlangoni pa ubalozi. Hupokelewa na Idara ya Uhamiaji, Wakimbizi na Uraia ya Kanada yenyewe, hata ikiwa mwombaji hajatoka Kivu maisha yake yote. Zamani karatasi zilisafiri kwa posta katika bahasha nene. Tangu 2022 maombi mengi ya namna hii hutumwa kwa intaneti. Baadaye yawezekana ofisi ya viza iliyo Afrika ikapewa kazi ya kulichunguza ombi na kumwita mwombaji kwa maulizo. Lakini hayo hupangwa na wakubwa wa idara, wala mwombaji hachagui.

Tena, ombi moja lina sehemu mbili. Aliye Kanada huomba kuwa mdhamini, na aliye ugenini huomba ukaaji. Sehemu hizo mbili hutumwa pamoja, siku moja. Mume asitume zake leo, na mke zake baada ya miezi mitatu. Ikikosekana karatasi moja iliyo ya lazima, au sahihi, au malipo, ombi lote hurudishwa, na huhesabiwa kana kwamba halikufika kamwe.

Je, mdhamini naye aweza kukaa nje ya Kanada? Hapa sheria hutofautisha. Raia wa Kanada anayekaa nje aweza kumdhamini mke wake au mtoto wake, akionyesha kwamba watakwenda kukaa Kanada pamoja ombi likikubaliwa. Lakini mtu ambaye si raia, mwenye ukaaji wa kudumu tu, lazima awe anakaa Kanada. Akirudi kuishi Bujumbura huku ombi likiendelea, aweza kuliharibu kwa mkono wake mwenyewe.

Wale wa Québec wana mlango wa pili. Jimbo hilo huchagua wahamiaji wake kwa mapatano na serikali kuu. Kwa hiyo mdhamini anayekaa Montréal, juu ya ombi la idara ya Kanada, huweka ahadi yake pia mbele ya wizara ya uhamiaji ya Québec. Tena, Juni 2024 jimbo hilo liliweka kikomo cha ahadi litakazopokea kwa miaka miwili. Ndiyo maana wa Montréal asifuate tu shauri la ndugu yake wa Winnipeg, hata kama lilimfaa yule.

Sasa tufike penye uchungu. Tangu Oktoba 2017, mtoto huhesabiwa kuwa mtegemezi ikiwa hajatimiza miaka 22 na hana mume wala mke. Aliyepita umri huo hukubaliwa tu kama ugonjwa au kilema kilimzuia kujitegemea tangu kabla ya miaka 22. Na umri wake hupimwa siku gani? Si siku ya maulizo, wala siku ya kupewa viza. Hupimwa siku ile ombi kamili lilipopokelewa. Hapo umri hufungwa, hata kama wakubwa watatumia miaka miwili kuchunguza.

Wazazi, tazameni hesabu hii. Kijana wenu ana miaka 21 na miezi kumi. Ombi likipokelewa leo, likiwa kamili, amesalimika. Likipelekwa ubalozini, au likikaa miezi mitatu katika sanduku la bwana wa mjini, au likirudishwa kwa kukosa sahihi moja, kijana huyo atabaki nyuma huku wadogo zake wakipanda ndege. Wazee walinena: chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.

Jambo lingine ni la kutaja watu wote. Mtu anayeomba ukaaji lazima aandike majina ya mke na watoto wote, hata wale wasiosafiri naye, hata mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa na kulelewa na nyanya yake. Mtoto aliyefichwa, asichunguzwe, kwa kawaida hawezi kudhaminiwa baadaye kwa njia ya jamaa. Ni kweli kwamba mwaka 2019 serikali ilifungua njia ya pekee kwa baadhi ya watu wa namna hii, wakimbizi wakiwamo. Lakini mwenye busara hajengi nyumba juu ya njia ya pekee. Na mkimbizi aliyepelekwa Kanada, ikiwa alitaja jamaa yake kabla ya kuondoka, ana mwaka mmoja tangu apokewe wa kuwaombea kwa njia rahisi zaidi.

Vilevile ndoa. Kwetu mahari yaweza kupokelewa na wazee huku bwana arusi yuko mbali, na kaka yake akisimama mahali pake. Jamaa zinashangilia, na ni haki yao. Lakini tangu Juni 2015, Kanada haikubali, kwa ajili ya uhamiaji, ndoa ambayo mmoja wa wenzi hakuwapo kwa mwili wake siku ya kufunga. Basi mwenye kutaka kumwita mke wake aje kwanza, waoane wakiwa pamoja, na ndoa iandikwe mbele ya mkubwa wa serikali.

Je, baada ya kutuma? Mwombaji hungoja barua ya idara. Alama za vidole hutolewa kwenye kituo kilichokubaliwa, katika nchi yoyote anayoweza kuingia kwa halali. Daktari wa uchunguzi awe mmoja wa wale walio katika orodha ya Kanada. Cheti cha daktari mwingine hakifai. Karatasi zilizoandikwa kwa Kiswahili zifasiriwe kwa Kifaransa au Kiingereza. Ombi likikataliwa, mdhamini kwa kawaida ana siku 30 za kukata rufaa, kwa hiyo barua ya kukataa isiwekwe chini ya godoro.

Na yule bwana wa mjini? Fomu hazina bei. Kinacholipwa ni ada ya serikali. Anayepokea fedha kwa shauri hili lazima awe mwanasheria, au mthibitishaji wa Québec, au mshauri aliyeandikishwa na chuo cha washauri cha Kanada. Hata ndugu anayewasaidia bure katika fomu, asiwafiche wakubwa jina lake mkimweka kuwa mjumbe wenu. Uongo ukigunduliwa, mwombaji hufungiwa mlango miaka mitano. Bwana wa mjini hafungiwi kitu.

Basi juma hili, kila jamaa ifanye kazi tatu: iandike tarehe ya kuzaliwa ya kila mtoto, ihesabu miezi iliyobaki kabla ya miaka 22, na itafute vyeti vinavyokosekana. Vyeti vikiwa tayari, fomu hazitachukua siku nyingi. Na baba aliye mbali asingoje hata vumbi likae juu yake.