Ulichotafuta Maktabani ni Siri Yako



Leo tuongee kuhusu kile kisanduku cheupe kilicho juu ya tovuti ya maktaba ya chuo chako, kile cha kutafutia vitabu. Unaandika "jihadi" kwa sababu mwalimu wa historia amewapa insha kuhusu Usman dan Fodio na dola ya Sokoto. Dada mmoja anaandika "talaka" kwa sababu nyumbani kwao hakukaliki. Mwingine anaandika "Wagalla" kwa sababu babu yake alikuwa Wajir 1984 na hakuna mtu kwao anayetaka kulizungumzia. Mnabonyeza, orodha inakuja, mnachukua namba ya kitabu, mnaenda zenu. Nyinyi mmeshasahau. Mashine je?

Mashine haisahau mpaka iambiwe isahau. Neno ulilotafuta mara nyingi huwa sehemu ya anwani ya ukurasa unaofunguka, na seva inayokuletea ukurasa huo huandika mstari mmoja kwenye daftari lake: tarehe, saa, dakika, sekunde, anwani ya IP ya kifaa chako, aina ya simu, na anwani nzima ya ukurasa, neno lako likiwa ndani yake. Kama ulikuwa umeingia kwa namba yako ya kadi ya maktaba, basi neno hilo linaweza kufungwa pamoja na jina lako. Na kama maktaba imeweka chombo cha bure cha kuhesabu wageni wa tovuti, mfano Google Analytics, nakala ya habari hizo inavuka bahari saa hiyo hiyo kwenda kwa kampuni ambayo chakula chake ni matangazo. Si lazima awepo mtu mwenye nia mbaya. Huenda mtu wa kompyuta alikiweka siku moja kwa sababu mkubwa wake alitaka kujua tovuti inatembelewa na watu wangapi, kisha kila mtu akaendelea na kazi yake.

Maktaba nyingi za vyuo vyetu zinatumia Koha, programu ya bure iliyoanzia New Zealand 1999. Jina ni la Kimaori, maana yake zawadi. Ni programu nzuri, na walioitengeneza wamelifikiria jambo hili: kuna mpangilio unaomwezesha msomaji kuchagua historia ya vitabu alivyoazima ikae milele, ikae kwa muda uliowekwa na maktaba, au ifutwe jina lake mara tu anaporudisha kitabu. Kuna na mpangilio wa kuweka au kutoweka historia ya utafutaji. Kwa hivyo mtu akikwambia "ah, mfumo ndio unavyofanya", mjibu kwa adabu kwamba mfumo hufanya ulivyoagizwa. Swali ni nani aliuagiza, na kama kuna yeyote aliyewahi kuigusa hiyo mipangilio tangu siku ulipowekwa.

Tuwe waadilifu lakini. Mkutubi ana sababu ya kutaka kujua watu wanatafuta nini. Wanafunzi wakiandika "mirathi" kila wiki na katalogi inajibu hakuna, yeye ndiye wa kwanza kufaa kujua, maana ndiye anayeandika orodha ya vitabu vya kununua. Tena kuna hii shida ya tahajia. Mmoja ameandika Kurani, mwingine Qur'ani, mwingine Koran, na katalogi isiyojua kuwa hicho ni kitabu kimoja inawarudisha wote watatu mikono mitupu wakati vitabu viko rafuni, vinaliwa na vumbi. Mkutubi anayesoma orodha ya utafutaji ulioshindwa anaweza kurekebisha hayo asubuhi moja. Sisi wenyewe tungependa afanye hivyo.

Ila angalia anahitaji nini kwa kazi hiyo. Anahitaji neno, na idadi ya mara lilivyotafutwa. Basi. Hahitaji namba ya kadi yako. Hahitaji kujua ilikuwa saa nne na dakika kumi na mbili usiku, wala kwamba simu iliyotafuta "talaka" ndiyo iliyotafuta "malezi ya watoto" siku iliyofuata. Ukichukua zaidi ya unachohitaji, ziada hiyo umeichukua ya nini?

Watakwambia: tunaondoa majina. Mwaka 2006 kampuni ya AOL ya Marekani ilitoa hadharani takriban maswali milioni 20 yaliyotafutwa na watu zaidi ya 650,000 katika muda wa miezi mitatu. Nia ilikuwa kusaidia watafiti. Majina waliyaondoa, kila mtu akapewa namba. Haikupita wiki moja, waandishi wa New York Times walikuwa wameshabisha hodi kwa ajuza mmoja mjane wa miaka 62 kule Georgia, wakamsomea aliyoyatafuta: maradhi, majirani, mbwa wake. Walimpata kwa maneno yake tu. Hiyo ni nchi ya watu mamia ya milioni. Sasa piga hesabu ya chuo kidogo cha kaunti ambacho darasa lako zima lina watu kumi na wawili, na ni wewe peke yako unayeandika tasnifu kuhusu maharamia wa Somalia. Jina la nini tena?

Kisha linakuja lile swali la kuudhi. "Kwani una nini cha kuficha?"

Mei 2008, Rizwaan Sabir, mwanafunzi wa uzamili katika Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, alikamatwa kwa sheria za ugaidi. Kosa lake? Alipakua waraka kuhusu al-Qaeda kwa ajili ya utafiti wake, na aliupakua kutoka kwa tovuti ya Wizara ya Sheria ya Marekani. Yaani serikali ndiyo iliyouweka pale. Alizuiliwa karibu wiki nzima, akaachiliwa bila shtaka lolote, na 2011 polisi wakakubali kumlipa pauni 20,000. Katika Chuo Kikuu cha Staffordshire, mwanafunzi mwingine wa Kiislamu aliyekuwa akisomea uzamili wa masuala ya ugaidi alikaa maktabani na kitabu cha somo lake. Kitabu cha darasa! Afisa wa chuo akaja kumhoji kuhusu itikadi zake, habari zikapelekwa kwa walinzi. Chuo kilimwomba radhi baadaye, lakini yeye alikuwa ameshayaacha masomo hayo. Huyo alionwa na jicho la binadamu aliyekuwa akipita tu. Daftari la seva halipiti, liko pale usiku na mchana.

Hawa hawakuwa na cha kuficha. Walikuwa na cha kusoma.

Sisi hatuhitaji kufundishwa jinsi tuhuma inavyofanya kazi. Mliokuwa watoto Eastleigh 2014 mnajua nani walipelekwa Kasarani na kwa ushahidi gani. Watu husema samaki mmoja akioza wote wameoza. Kwetu hata samaki asipoonekana, harufu ni yetu. Na New York polisi waliweka kitengo kizima cha kuchunguza Waislamu, misikiti yao, maduka yao ya vitabu, mikahawa yao, huku vyama vyao vya wanafunzi navyo vikifuatiliwa. Shirika la habari la AP lilifichua 2011. Mwaka uliofuata mkubwa mmoja wa polisi hao alikiri kwa kiapo kwamba kwa miaka aliyokuwa akisimamia, kazi ya kitengo hicho haikuzaa hata uchunguzi mmoja wa ugaidi. Hata mmoja. Kikavunjwa 2014. Lakini mwanafunzi aliyeacha kwenda mkutanoni miaka ile, nani atamrudishia ile miaka?

Hapo ndipo penyewe. Mtu akijua anatazamwa, hasubiri kukamatwa ili aache kusoma. Baada ya Edward Snowden kufichua Juni 2013 jinsi Marekani inavyochunguza mitandao, mtafiti Jonathon Penney alipima idadi ya wanaofungua makala za Wikipedia zenye mambo yanayohusishwa na ugaidi, akakuta imeshuka ghafla. Walioacha si magaidi. Ni watu kama wewe waliojiambia, wacha, isije ikawa. Kijana wa kwetu mwenye swali kuhusu al-Shabaab asipolipeleka maktabani kwa kuogopa, atalipeleka wapi? Mnajua nani wanamsubiri huko na majibu yaliyopikwa tayari. Wale wanaodhani kuchunguza maktaba kunaleta usalama wamelipindua jambo kichwa chini miguu juu.

Wako wakutubi walioliona hili mapema. Mwaka 2001 Marekani ilipitisha sheria iitwayo PATRIOT iliyowapa FBI uwezo wa kudai hata kumbukumbu za maktaba. Julai 2005 muungano wa maktaba za Connecticut uitwao Library Connection ukaletewa barua ya FBI isiyo na sahihi ya hakimu, ikitaka habari za matumizi ya kompyuta ya maktaba kwa dakika 45 za siku moja ya Februari. Barua hiyo ilikuja na kufuli ya mdomo: ni marufuku kumwambia yeyote kwamba umeipokea. Wakutubi wanne walikataa, wakaenda mahakamani wakisaidiwa na ACLU. Na uone ujanja: wakati Bunge la Marekani linajadili kuiongezea sheria hiyo muda, watu wanne waliokuwa na ushahidi wa jinsi inavyotumika kwa maktaba hawakuruhusiwa kufungua mdomo. Marufuku iliondolewa 2006, sheria ikiwa imeshapita. FBI nao wakaiacha ile barua.

Kuna maktaba nyingine iliyotumia njia fupi zaidi. Santa Cruz, California, 2003, wakutubi walikuwa wakizichana kila siku karatasi za watu waliojiandikisha kutumia kompyuta. Ukija na barua utakuta vipande. Safi kabisa. Sasa sikiliza mwisho wake. Mwaka 2019 jopo la raia la kaunti hiyo hiyo lilitoa ripoti kwamba maktaba za Santa Cruz zilikuwa zimetumia chombo cha uchambuzi kinachochanganya data za wasomaji na data za kibiashara kuhusu kaya zao, na wasomaji hawakuwa wameelezwa ipasavyo. Maktaba zile zile! Zilimfungia FBI mlango wa mbele, zikamkaribisha muuza data kwa nyuma na kumpa kiti. Kwa hivyo usitulie kwa sababu tu mkutubi wako ni mtu mwema. Wa Santa Cruz walikuwa wema kuliko wengi.

Turudi Kenya. Katiba, Kifungu cha 31, inalinda faragha yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema data ikusanywe kwa kazi maalumu iliyoelezwa wazi, isizidi inayohitajika, isikae kuliko inavyotakiwa. Sheria hiyo inahesabu imani ya mtu kuwa data nyeti, na niambieni ni orodha gani inayoonyesha imani ya mtu kuliko orodha ya vitabu anavyotafuta. Hiyo sheria ina meno pia: Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliikwamisha serikali kwenye kadi za Huduma kwa kuwa athari za mpango ule kwa data za watu hazikutathminiwa kwanza kama sheria inavyotaka. Na kabla ya hapo, Nubian Rights Forum, watu wa Kibra, walikuwa wameshaipeleka serikali mahakamani kwa Huduma Namba hiyo hiyo.

Lakini tusidanganyane. Sheria hiyo hiyo ina msamaha kwa ajili ya usalama wa taifa. Na marekebisho ya sheria za usalama ya 2014 yaliruhusu vyombo vya usalama kunasa mawasiliano katika kupambana na ugaidi. Mahakama Kuu ilifuta vifungu vinane vya marekebisho yale Februari 2015, hicho kikabaki. Kwa hivyo ahadi ya "tutazitunza data zako vizuri" haitoshi, kwa sababu siku atakapokuja mwenye barua, kilichotunzwa vizuri kitatolewa vizuri. Kisichokuwepo hakitolewi. Dini yetu imekataza tajassus, kupekuapekua siri za watu. Hapa tunaomba kidogo zaidi, kwamba hata siri zenyewe zisirundikwe pahali pa kupekuliwa.

Sasa kazi. Andika barua kwa mkutubi mkuu wa maktaba yako. Muulize maneno unayotafuta kwenye katalogi yanahifadhiwa au la, na kama yanahifadhiwa, yanaambatana na namba ya kadi yako au anwani ya IP? Yanakaa muda gani? Kuna kampuni ya nje inayopata nakala? Nani ana ruhusa ya kuyasoma? Omba nakala ya kila kilichowekwa chini ya jina lako, na uombe kuanzia sasa neno litenganishwe na mtu kabla halijahifadhiwa. Andika kwa heshima, yeye si adui. Huenda hata anatafuta sababu ya kumwambia mkubwa wake hivyo hivyo. Ombi la kuona data zako linatakiwa kujibiwa ndani ya siku 7. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data, ambaye sheria inamtaka ayachunguze na kuyamaliza ndani ya siku 90.

Na mpaka mjibiwe, tafuta vitabu bila kuingia kwenye akaunti yako, uingie tu unapotaka kuazima. Ukitumia kompyuta ya maktaba, toka kwenye akaunti kabla hujainuka.

Barua ya mtu mmoja hupotea mezani kirahisi. Pelekeni kumi, darasa moja, siku moja, zote zigongwe muhuri wa tarehe ya kupokelewa, na kila mmoja abaki na nakala yake.