Pikipiki Nzito na Askari Mpandaji

Askari wenzetu wa Jinja na Mbale wametuuliza habari za pikipiki kubwa tuliyoinunua majuzi, Yamaha Virago 535. Tumeiendesha kutoka Jinja hadi Mbale kwa njia ya Iganga na Tirinyi, na maoni yetu ni haya.

Kiti chake ki chini, miguu hutangulia mbele, usukani ni mpana. Mpandaji hukaa kama mzee barazani. Injini ya silinda mbili huvuma polepole, na nguvu hufika gurudumu la nyuma kwa shafti, wala si kwa cheni, hivyo vumbi la Busoga halina cha kutafuna. Raha hiyo ndiyo inayotutia shaka. Bodaboda ya sentimita 100 za ujazo hupiga kelele ikikimbizwa, na mwenyewe hujua kwamba anakimbia. Hii hainung'uniki. Uzito wake wapita kilo 180, na lori la miwa la Kakira linapochomoza barabarani, uzito huo hausimami kwa amri.

Wapo wasemao kwamba aliyezoea bodaboda miaka kumi hana la kujifunza. Hatukubaliani nao hata kidogo. Kwenye mzunguko wa Mnara wa Saa mjini Mbale chombo hiki hudai mkono mtulivu. Nacho kikilala, huinuliwa kwa mbinu, si kwa misuli. Kofia ngumu ivaliwe hata kutoka kambini hadi kantini. Na kabla askari au polisi hajakabidhiwa chombo cha namna hii, afundishwe upya kushika breki, uwanjani, bila abiria, kwa siku kadhaa.