Mzee wa Kadi wa Kasulu, Rudisha Hela ya Kinyozi!

Kuna jamaa mmoja pale Kasulu mjini, vijana wote wanaocheza gemu za mpira kwenye simu wanamjua. Jina halitajwi hapa, ila akisoma atajijua. Anajiita mzee wa kadi. Kila jioni status zake zimejaa skrinishoti: akaunti ina Messi wa Big Time, ina mabeki wa Epic, bei ya kutupa, wahi kabla hajabeba mwingine. Chini ya kila posti chawa wake wanashusha moto na makofi. Ukimuona mjini, raba kali, simu mbili mkononi, unasema kweli gemu zinalipa.

Sasa twende Kibondo. Huko kuna dogo kinyozi, saluni yake ilikuwa fremu ndogo tu karibu na stendi. Mashine moja, kioo kimoja, benchi la wateja. Usiku akifunga kazi anacheza eFootball. Timu yake ilikuwa ya kawaida, kila siku anafungwa tano na watu wenye kadi kali. Akamfuata mzee wa kadi inbox: "Shikamoo kaka, nataka ile akaunti." Kaka akamjibu vizuri, mdogo wangu huku, mdogo wangu kule. Bei ikatajwa shilingi 150,000. Hiyo hela dogo alikuwa nayo, lakini ilikuwa kodi ya fremu ya miezi mitatu. Akajisemea ataijaza wikiendi, wateja wakija wengi.

Akatuma Ijumaa. Akapewa imeili na paswedi, akaingia, akaikuta timu kama ilivyoonyeshwa. Furaha yake ilikuwa kubwa mpaka akabadilisha jina la timu, akaweka jina la saluni yake. Jumanne usiku akaunti ikamtoa. Akiingiza paswedi, inakataa. Akamwandikia kaka, tiki mbili za bluu, kimya. Akapiga, haipokelewi. Asubuhi yake akakuta amepigwa bloku.

Akapanda gari mpaka Kasulu. Mbele ya washkaji zake mzee wa kadi akamjibu maneno mawili tu: "Mjini akili." Watu wakacheka. Wiki mbili baadaye akaunti ileile ikapostiwa tena inauzwa, na kwenye skrinishoti jina la timu bado ni lile la saluni ya Kibondo. Yaani hata kufuta ushahidi aliona uvivu.

Leo yule dogo ananyoa chini ya mwembe. Fremu ina mtu mwingine. Halafu kuna watu bado wanamwita mzee wa kadi "mpambanaji". Mpambanaji wa nini? Mwizi ni mwizi hata akiwa na wafuasi wengi.

Wanaomtetea wana hoja zao, na zisikilizwe. Ya kwanza wanasema biashara ya kadi ni kubeti, ukiingia kubali kuliwa. Hiyo siyo kweli, na hapa ndipo wanaoanza wanapopotezwa.

Biashara ya kadi za wanamichezo ipo duniani miaka mingi, na ina heshima yake. Kampuni ya Panini ya Italia ilitoa albamu ya stika za Kombe la Dunia tangu mwaka 1970, na watoto wakajifunza jambo rahisi: ulichonacho mara mbili unampa mwenzako, naye anakupa usichonacho. Hakuna anayelia.

Hata Tanzania ina mtu wake humo. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, mwaka 2009 alichaguliwa namba mbili kwenye usajili wa NBA na Memphis Grizzlies. Msimu huo zikatoka kadi zake, na mpaka leo wakusanyaji wanabadilishana na kuuziana mtandaoni. Katika usajili uleule Stephen Curry alichaguliwa namba saba. Aliyeweka hela zake kwa Thabeet hakuvuna sana. Aliyeweka kwa Curry, eeh! Mwaka 2021 kadi moja ya Curry ya msimu ule ilitajwa kwa mamilioni ya dola.

Lakini ona tofauti. Aliyenunua kadi ya Thabeet anaweza kuwa amekosa faida, ila kadi yake bado anayo kabatini. Hakuna mtu anayekuja usiku kuichukua na kwenda kuiuza tena. Ile ni bahati mbaya ya soko. Ya kinyozi wa Kibondo haikuwa bahati mbaya, mzigo wenyewe ulirudi mikononi mwa muuzaji. Hiyo unaiitaje kubeti?

Na mzee wa kadi anajua kabisa anachouza. eFootball, ile iliyokuwa PES mpaka mwaka 2021, haina sehemu ya mchezaji mmoja kumpa mwenzake kadi. Messi wako hawezi kuhamia kwenye timu ya rafiki yako. Ndiyo maana watu wanauziana akaunti nzima. Sasa masharti ya Konami, wenye gemu, yanakataza kuuza akaunti au kumpa mtu mwingine. Kingine, akaunti imefungwa kwenye kitambulisho na imeili ya mwenyewe wa kwanza. Huyo akitaka kuirudisha, anaweza kusema tu amesahau paswedi, ujumbe unakwenda kwenye imeili yake, amemaliza. Wewe uliyelipa huna pa kushtaki kwa Konami, kwa sababu kwao hukuwahi kuwa mwenye akaunti.

Ni sawa na mtu akuuzie shamba la babu yake huku babu yuko hai na hajui. Utalima, utapanda maharage, yakikaribia kuvunwa babu anakuja na fimbo. Dalali aliyejua hayo yote na bado akachukua hela yako, huyo hajakuuzia kitu. Amekukodisha ndoto kwa siku nne.

Hoja ya pili wanasema dogo naye alitaka mteremko, alitumia hela ya kodi kwa ujinga wake. Hapo wana nusu ya ukweli. Kodi ya fremu haichezewi, na vijana wengi wa Kibondo na Kasulu wamekuwa wepesi kulipia sifa za kwenye simu huku mashine ya kazi inadai blade mpya. Dogo alikosea, na mwenyewe anajua. Lakini kosa lake halikufuti la kaka. Mwizi wa kuku haachiwi kwa kusema kuku mwenyewe alitoka bandani.

Hoja ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote: mjini akili. Hii kauli imeharibu vijana wengi. Eti mwenye akili ni yule anayemla mwenzake, na aliyemuamini kaka ndiye mjinga wa kuchekwa. Huko kwa wakusanyaji wa kadi za ukweli, mtu hupewa sifa akiwa na rekodi safi, yaani amebadilishana na watu wengi na wote wanamsema vizuri. Akimdhulumu mmoja, habari inasambaa na hakuna anayemtumia tena kitu. Huku kwetu imegeuka. Akimdhulumu mmoja anapigiwa makofi, kesho wawili wanamfuata inbox.

Kwa hiyo chawa nao wasijitoe. Kila aliyeweka moto chini ya ile posti amemsaidia kuuza. Dogo alipoona watu wanamsifia kaka, ndipo alipoamini. Makofi yako yalikuwa dhamana.

Kwa wanaoanza, huu ndio ustaarabu wa kubadilishana kadi, na wenye biashara safi wanaufuata. Kama ni kadi ya kushika, omba picha ya mbele na ya nyuma, na pembeni yake kuwe na karatasi yenye jina la muuzaji na tarehe ya siku hiyo, ujue kweli anayo mkononi na hajaiba picha ya mtu. Ulizia watu waliowahi kufanya naye biashara, siyo washkaji zake. Anza na kitu cha bei ndogo. Mzigo utumwe kwa njia yenye risiti na namba ya kuufuatilia. Mgeni kwenye biashara hutuma kwanza, mwenye rekodi hufuata. Na ubadilishe kile ambacho ukikikosa utalala na kula.

Kama ni akaunti ya gemu, ushauri ni mfupi zaidi: usinunue. Cheza yako, kusanya taratibu, fungwa tano leo, kesho tatu, keshokutwa utashinda. Kadi iliyo chini ya imeili ya mtu mwingine ni ya mtu mwingine, hata kama umeilipia.

Na waliokwisha kulizwa wasikae kimya kwa aibu, maana aibu yenu ndiyo mtaji wa hawa watu. Tunza meseji zote na ule ujumbe wa muamala, una namba na jina. Laini siku hizi zinasajiliwa kwa alama za vidole, mwenye namba hapotei hewani. Namba za matapeli zinaripotiwa TCRA kupitia 15040, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatambua utapeli wa kutumia kompyuta, simu ikiwemo. Kuvunja masharti ya kampuni ya gemu hakukuondolei haki ya kwenda polisi ukiibiwa hela yako.

Mzee wa kadi, hili limebaki kwako. Shilingi 150,000 kwako ni raba moja, wala hutaikumbuka. Kwa yule dogo ni mlango wa kazi, ni taa, ni kioo, ni mteja kukaa ndani mvua ikinyesha. Na Kibondo mvua ikiamua kunyesha, mwembe hausaidii. Mrudishie. Ukishamrudishia, posti na hiyo, halafu uone kama chawa wako watakupigia makofi.

Wadau wa Kasulu na Kibondo, wangapi mmelizwa na huyuhuyu? Semeni, na mwenye kumtetea naye aje na hoja, asije na matusi.