Shingo na Mkono wa Mfanyakazi



Kila alfajiri ndugu zetu wa Mtongwe huvuka Likoni kwenda kazini bandarini, na wengi huuguza mkono kimya kimya. Maumivu huanzia shingoni, yakashuka begani mpaka vidoleni kama moto. Usiku hakuna usingizi. Asubuhi vidole vimekufa ganzi. Nyapara husema ni uvivu, jirani husema amerogwa. Sisi twasema si hili wala si lile.

Shingo ina pingili 7, na baina yake hutoka mishipa ya fahamu iendayo mkononi. Mto laini ulio kati ya pingili ukitokeza, au mfupa ukiota, mshipa hubanwa, na maumivu husikika mbali na pale palipobanwa. Ndiyo maana kuusugua mkono dawa hakutoshi. Kuchukua mizigo mizito miaka mingi, au kuinama shifti nzima juu ya kreni, huweza kuzidisha taabu hii.

Kwa wengi dawa ya kwanza si kisu bali ni fiziotherapia, yaani tiba ya viungo. Mtaalamu hupima nguvu za mkono, kisha hufundisha mazoezi ya shingo na mabega. Nafuu haiji kwa siku moja. Yataka majuma kadha, na mazoezi nyumbani kila siku. Msimwache mkandaji aizungushe shingo kwa nguvu. Na mkono ukilegea, miguu ikiyumba, au mkojo usipozuilika, nendeni hospitali siku ile ile.

Basi kizuizi ni nini? Ni ujira. Kibarua akienda kliniki hukosa posho ya siku ile. Huenda mara mbili akaacha, na maumivu yakapita miezi 3 yakawa sugu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara, kila mwaka, akiwa na cheti cha daktari. Hizo zafaa kwa homa. Kwa tiba ya miezi hazitoshi.

Kwa hiyo twataka mapatano yajayo na waajiri yaseme wazi: saa za kliniki zihesabiwe kuwa saa za kazi, na aliyeumia apewe kazi nyepesi bila kupunguziwa mshahara. Leteni vyeti vyenu kwa wajumbe wenu, tupate kusema kwa ushahidi. Mkono ndio mtaji wetu; tukiunyamazia, hakuna atakayetusemea.