CD ORIGINAL YA NINI?

Nimerudi chuo toka likizo Same, na kuna stori imenichosha. Mtu anashuka na laptop mbovu toka Suji mpaka mjini, anaambiwa kwa vile hana CD original, alipie apigiwe Windows nyingine. Anapewa feki, na maandalio yake ya somo yamefutwa yote!

Jamani, CD ya nini? Tangu Windows 8 ya 2012, laptop nyingi zilizokuja na Windows zina namba ya leseni ndani ya mashine yenyewe. Hamisha mafaili kwanza, kisha shusha toleo lilelile bure kwa Microsoft kupitia kompyuta ya mwenzako, weka kwenye flashi ya GB 8. Mashine imezeeka? Ubuntu ipo bure tangu 2004.

Fundi alipwe jasho lake, siyo kopi ya wizi. Walimu watarajiwa, tuamke!