Kaseja hakuwa amekwisha

Kila dirisha la usajili likifunguliwa, hapa Kerenge na kwingineko Korogwe na Handeni ubishi wa Simba na Yanga huanza upya: mkongwe huyu anatufaa, au tunajitwisha mzigo? Wanaopinga hukimbilia jina moja, Juma Kaseja. Novemba 2013 Yanga ilimchukua akiwa huru, baada ya Simba kuachana naye. Hatari ilikuwa ndogo: hapakuwa na klabu ya kulipwa ada ya uhamisho, na kipa mwenyewe alikuwa ameidakia Taifa Stars kwa miaka. Desemba 21 akakaa langoni dhidi ya Simba, mechi ya Nani Mtani Jembe, Yanga ikalala 3-1. Lawama zikamwangukia yeye, kocha Ernie Brandts akafukuzwa siku chache baadaye, na mkataba wenyewe ukaja kuishia kwenye mzozo wa fedha za usajili. Ni kweli, usajili ule ulishindwa. Ninachokataa ni ile hukumu ya vijiweni kwamba Kaseja alikuwa amekwisha. Alikuwa na miaka 28, umri ambao kipa ndiyo kwanza anakomaa! Agosti 2019, akiwa mchezaji wa KMC, alisimama langoni Kasarani, Stars ikaitoa Kenya kwa penalti 4-1 katika kuwania CHAN. Mwezi uliofuata Burundi nayo ikatolewa kwa penalti, kipa akiwa yuleyule. Basi ndugu zangu, mkongwe akisajiliwa msimu huu, mpeni japo mechi kumi kabla hamjaanza kumzomea.