Aliyeambiwa "Subiri Gari"



Juma lililopita, baada ya Misa ya asubuhi, kijana wa mojawapo ya Jumuiya zetu Ndogondogo alibaki benchini hadi watu wote walipotoka. Ametupa ruhusa ya kuandika habari zake bila kumtaja jina. Kijana huyu amehitimu mafunzo ya udereva wa magari makubwa na ana leseni ya daraja E. Ada ya mafunzo ilitokana na ng'ombe wawili wa mama yake. Miezi mitatu iliyopita alifanyiwa majaribio katika kampuni moja ya malori, akafaulu, akaambiwa: "Umepata kazi. Subiri gari."

Tangu siku hiyo hufika yadi kila siku saa kumi na mbili asubuhi, hukaa juu ya tairi kuukuu pamoja na wenzake wanane, na jioni hurudi nyumbani mikono mitupu. Leseni yake imefungiwa katika kabati la ofisi, hivyo hawezi kuomba kazi kwingine. Sasa msimamizi wa yadi amemdokeza kwamba akitoa shilingi laki mbili, gari litapatikana. Alitaka kujua: "Padre, nikitoa, nitakuwa nimetenda dhambi?"

Kabla ya kutoa jibu letu, hatuna budi kukiri kosa letu. Kijana huyu alikwisha kutujia mara mbili, na mara zote mbili tulimwambia kwamba subira yavuta heri, tukambariki, tukaenda kunywa chai. Maneno yale yalikuwa mepesi kwetu kwa sababu chai ilikuwa mezani. Subira ni fadhila ya yule anayesubiri. Haiwezi kugeuzwa kuwa kisingizio cha yule anayemsubirisha.

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 20, Bwana wetu anasimulia habari za mwenye shamba la mizabibu aliyetoka alfajiri kutafuta vibarua, akarudia saa tatu, saa sita, saa tisa, na hata saa kumi na moja. Kwa kawaida tunahubiri juu ya kijicho cha wale wa kwanza. Leo tuwatazame wale wa mwisho. Walipoulizwa sababu ya kusimama bure kutwa, walijibu kwamba hapakuwa na aliyewaajiri. Mwenye shamba hakuwaita wavivu. Aliwatuma shambani, na jioni akawapa ujira wa kutwa nzima, kwa maana watoto wa kibarua wa saa kumi na moja hula chakula kilekile wanachokula watoto wa kibarua wa alfajiri.

Tena, wale wa sokoni walikuwa na nafuu moja: mwajiri yeyote aliyepita angeweza kuwachukua. Vijana wetu wa yadi wamekwisha kuitwa, lakini hawajatumwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi anapoanza kazi. Kijana wetu alipoomba karatasi hiyo, alijibiwa kwamba kazi bado hajaanza. Akitaka kuondoka, huambiwa kwamba yeye ni mtu wa kampuni. Basi ni mtu wa kampuni anapotakiwa kubaki, na si mtu wa kampuni anapotakiwa kulipwa. Hapo ndipo penye dhuluma.

Hatusemi kwamba wenye malori hawana shida zao. Lori huweza kulala gereji likingoja vipuri, au kukwama siku nyingi kwenye foleni ya Tunduma, huku marejesho ya mkopo wa benki yakidaiwa. Isitoshe, mwenye mali ana haki ya kusita kumkabidhi dereva mgeni tela lenye tani 30 za mzigo ashuke nalo mlima Kitonga. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini dawa yake si kumweka mtu juu ya tairi miezi mitatu. Dawa ni kumpandisha gari pamoja na dereva mzoefu, ajifunze njia, milima, mizani na taratibu za mpakani, huku akipata posho yake.

Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba haki za mfanyakazi hazimtegemei mwajiri wake wa moja kwa moja peke yake. Taasisi, sheria na mipango ya uchumi inayomzunguka vinabeba sehemu ya wajibu huo. Kwa hiyo hata sisi tunaonunua saruji na mafuta yaliyosafirishwa kwa malori hayo hatuwezi kunawa mikono.

Wapo wenye malori miongoni mwetu, nao huketi mabenchi ya mbele. Tunawaomba mambo matatu. Mrudishieni kijana leseni yake. Bandikeni ukutani orodha ya zamu, ili kila mmoja aione nafasi yake. Na anayetakiwa kuripoti kila siku, apewe angalau nauli na chakula, kwa kuwa siku yake mmekwisha kuichukua.

Sasa lile swali. Tulimjibu hivi: "Mwanangu, usitoe. Dhambi ya anayedai ni nzito kuliko ya anayebanwa, lakini gari utakalonunua kwa laki mbili ni zamu ya mwenzako mmoja kati ya wale wanane, naye pia ana mama." Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza: "Na wao wakitoa, Padre?" Hatukuwa na jibu jepesi. Tuliahidi kwenda naye ofisini siku ya Jumatatu kuiomba ile leseni, na Jumuiya yake imekubali kuchangia nauli yake mwezi huu.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi awaombee wote wanaosubiri, na atuombee sisi tunaowasubirisha. Tunawatakieni Dominika njema.